Nyumba ya urithi Magomeni: kuuza, kuingia ubia au kubaki nayo?

Nyumba ninayoizungumzia, ya Magomeni, Dar es Salaam, ina vyumba sita, vitatu kila upande wa koridoni. Uani kuna banda la vyumba viwili, choo cha shimo, na mwarobaini ambao sisi wajukuu wote tumeogeshwa majani yake wakati wa surua. Bibi aliijenga kidogo kidogo kwa pesa za vitumbua. Alipofariki aliacha watoto wanane, watatu wa kiume na watano wa kike. Leo kushoto kwetu pamesimama ghorofa sita, kulia kiwanja kimezungushiwa mabati, na kila baada ya wiki mbili dalali anakuja barazani. Anamwamkia mama mkubwa shikamoo, anauliza afya, halafu anauliza anachotaka kuuliza: "Mama, mmefikia wapi?"

Nimekaa vikao vya familia kuhusu nyumba hii kwa miaka mitatu. Nimepanga foleni kwenye ofisi zinazohusika, na nimeona familia mbili za mtaani kwetu zikichagua njia tofauti. Njia zenyewe ni tatu: kuuza kiwanja na kugawana pesa, kumpa mwekezaji ajenge ghorofa kwa ubia, au kubaki na nyumba na kuipangisha vizuri zaidi. Naandikia wenzangu wa Magomeni, Ilala, Gerezani na Kinondoni ambao swali hilo limeshaingia barazani kwao.

Kwanza ieleweke kwa nini linakuja sasa. Kariakoo ilishabadilika zamani. Wakoloni waliipanga kuwa makazi ya Waafrika, wakaitenga na mji wa maduka kwa uwazi wa Mnazi Mmoja, na viwanja vilipimwa vidogo kwa nyumba ya chini ya familia. Leo juu ya viwanja vilevile kuna ghorofa nane, kumi na zaidi, na mitaa haijapanuka hata hatua moja. Pale palipojaa, macho yakageukia upande wa pili wa Jangwani. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, mtu wa Magomeni akawa anafika mjini kwa dakika chache. Mwaka 2022 zikazinduliwa nyumba mpya za Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa pale, na mtaa wa nyumba za bati ukaanza kuonekana kwa wengine kama akiba ya viwanja. Anayekuja na begi la pesa hanunui nyumba ya bibi. Bati, milango na saruji kwake ni gharama ya kubomoa. Anachotaka ni ardhi na idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa juu yake, na ukilisahau hilo utajadili bei ya kitu kingine.

Kabla ya kulinganisha: una nini mkononi?

Katika kikao chetu cha kwanza tulibishana saa nne kuhusu bei. Kumbe hatukuwa na uwezo kisheria wa kuuza hata tofali. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la bibi, na karatasi yenyewe ilikuwa ofa ya zamani, yaani barua ya kupewa kiwanja, iliyoliwa na mende pembeni.

Karatasi za nyumba za Dar hazina nguvu sawa. Hati ya kumiliki ardhi, ya miaka 33, 66 au 99, ndiyo inayofungua milango yote: benki, kibali cha ujenzi na ubia. Ofa ni hatua ya kuelekea hati, hivyo kamilisha. Leseni ya makazi, ambayo watu wengi wa maeneo yasiyopimwa wanayo, ni ya muda mfupi na huhuishwa. Inakutambua kama mkazi, lakini usitegemee mwekezaji makini aweke mabilioni juu yake. Chini kabisa kuna mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi. Muhuri wake hauhamishi umiliki.

Kisha mirathi. Familia inakaa kikao, inamteua msimamizi, na Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha. Msimamizi si mwenye mali, ni mtunzaji wa haki za wenzake. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zimeingia kwenye kesi kwa sababu kaka mkubwa alipopata barua ya usimamizi alijiona kapewa nyumba. Na ikiwa mwenye nyumba yu hai na ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

La tatu ni matumizi ya kiwanja. Nenda kwa maafisa mipango miji wa manispaa, ulizia mchoro wa eneo lako unasemaje: makazi tu, au makazi na biashara? Ghorofa ngapi? Kuna barabara iliyopangwa kupita? Wanaokaa karibu na Mto Msimbazi wawe makini zaidi, kwa sababu nyumba za bondeni zimelipwa fidia na kuvunjwa kupisha mradi wa kuendeleza bonde. Kama nyumba yako imo ndani ya mpaka wa mradi au wa hifadhi ya barabara, hizi njia tatu hazikuhusu. Kinachokuhusu ni daftari la fidia.

Sisi kumaliza mirathi na kuhamisha jina kulituchukua miezi kumi na minne. Nilichoka, lakini kila kitu kilichofuata kilikuwa rahisi kuliko hicho.

Pesa: hesabu ya familia ya watu wanane

Hapa nitatumia tarakimu za mfano. Badilisha uweke za mtaa wako, ila njia ya kuhesabu ni hii.

Tuseme baada ya kumlipa dalali, mwanasheria na kodi, kiwanja kinabakiza shilingi milioni 440. Sisi tunagawa kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Wajomba watatu wana mafungu sita, mama na dada zake matano, jumla kumi na moja. Fungu moja ni milioni 40. Mjomba anaondoka na milioni 80, mama mkubwa na milioni 40.

Milioni 440 ukizisema kwa mkupuo zinatikisa kikao. Milioni 40 ukimpa mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyekuwa akiishi bure mjini, ni kiwanja cha mbali na nyumba ya kuanzia, basi, naye atakuwa mbali na hospitali yake, msikiti wake na wanawake aliosuka nao mikeka tangu usichanani. Hilo mwenye kupewa milioni 80 na nyumba yake Tabata halimuumi. Ndiyo maana naomba bei isitajwe kikaoni kabla ya kila mrithi kuandika fungu lake na kitu atakachoweza kununua nalo.

Kodi mnunuzi hakukumbushi. Faida ya mauzo ya ardhi na majengo hutozwa asilimia 10 kwa mkazi. Nyumba za bibi zetu hazina risiti za saruji za miaka hiyo, na tangu 2023 sheria imempa asiye na kumbukumbu za gharama njia ya kulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa. Nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, uulize wewe mwenyewe kabla ya kusaini. Makubaliano ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi yanamlinda mnunuzi tu. Mambo yakiharibika, mahakama itasoma bei iliyoandikwa.

Kubaki nayo kama ilivyo ni hesabu ndogo. Ndugu wanakaa vyumba viwili, sita vinapangishwa kwa shilingi 90,000: kwa mwezi 540,000, kwa mwaka 6,480,000. Toa gari la kunyonya choo, bati la kuziba na rangi. Kila fungu linapata kama laki nne na nusu kwa mwaka. Mjomba wa tatu alipoisikia hesabu hiyo alicheka kwa uchungu, na sikumlaumu.

Ila kuna kubaki kwa kulala na kubaki kwa kuamka. Vyumba viwili vya mbele vinavyotazama barabara vikigeuzwa fremu za maduka, na kila fremu ikapangishwa kwa 250,000, mapato ya mwezi yanapanda hadi 860,000, yaani 10,320,000 kwa mwaka. Inahitaji kibali, na kama kiwanja ni cha makazi tu, inahitaji kubadilisha matumizi kwanza: maombi manispaa, bango mbele ya nyumba ili majirani wenye pingamizi waseme. Watu wengi wanaruka hatua hiyo, wanatoboa ukuta usiku. Siku wakitaka mkopo au ubia, deni hilo linawasubiri. Mpangaji wa fremu anapaswa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, kwa hiyo taja kwenye mkataba kama bei ni kabla au baada ya makato. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na anayeilipa ni yule aliyenunua umeme. Kwetu mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa analipa kodi ya nyumba ya watu wanane bila kujua. Tulimrudishia.

Ubia kwenye karatasi unashinda vyote. Tuseme mwekezaji anajenga fremu chini na nyumba kumi na nne juu, na familia inapata asilimia 30: fremu chache na nyumba nne. Zikipangishwa kwa 500,000, hizo nne peke yake zinaleta milioni 24 kwa mwaka, bila kuhesabu fremu, na ardhi hujaiuza. Lakini toa kwanza miaka miwili mitatu ya ujenzi ambayo hamna kodi wala pa kulala. Halafu jiulize nyumba nne mtazigawaje kwa watu wanane. Ubia hauondoi ugomvi wa warithi, unauhamishia ghorofa ya tatu.

Ubia: nikae hapa zaidi

Nakaa kwenye njia hii kwa sababu ndiyo inayosifiwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Haina ubaya kwa asili yake. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe lina sera ya ubia, iliyozinduliwa upya mwaka 2022, na linatangaza miradi kwa utaratibu unaojulikana. Tatizo ni ubia wa barazani.

Mtaa wa nyuma yetu kuna familia iliyovunja nyumba yao kwa ahadi ya ghorofa saba. Mwekezaji aliwalipia pango mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili simu zikaanza kutopokelewa. Jengo limesimama kwenye zege la tatu, nondo zimeota kutu, maji ya mvua yamejaa shimo la msingi na watoto wa mtaa wanatupa mawe humo. Mzee wao anapanga chumba hatua mia mbili kutoka kwenye ardhi yake mwenyewe. Nikienda dukani napita pale, na mkataba wao nimeusoma: kurasa mbili, hauna tarehe ya kumaliza, hausemi jengo likikwama nani anachukua nini.

Kwa hiyo, ukilinganisha mkataba wa mwekezaji mmoja na mwingine, acha asilimia kwanza. Tazama haya. Hati inabaki kwa nani? Mwekezaji akitaka kuiweka rehani benki, deni lake likishindikana itakayopigwa mnada ni ardhi yenu. Kama mnakubali rehani, kubalini kwa macho wazi, kiasi kitajwe, na mwanasheria awe wenu, si yule anayelipwa na yeye. Nani anawalipia pango wakati wa ujenzi, na fedha hizo zimewekwa wapi? Sisi tumedai za miezi 24 ziwekwe benki kabla tofali la kwanza halijatolewa. Tarehe ya kukabidhi ni lini, na ikipita analipa nini kwa mwezi?

Halafu kuna jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sababu halikuwepo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inawezesha kila nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake. Mkataba uandike kwamba sehemu za familia zitatolewa hati zake, na gharama ni ya nani. Bila hiyo mna ahadi tu ndani ya jengo la mtu. Mkiwa nayo, mjomba anaweza kuuza nyumba yake, mama mkubwa akabaki na yake, wala hakuna wa kumzuia mwingine. Ngazi, lifti, pampu ya maji na paa vinabaki mali ya pamoja chini ya chama cha wamiliki, na kuna mchango wa kila mwezi. Uingizeni kwenye hesabu mapema, maana mwanamke asiye na kipato anaweza kuwa na nyumba ya milioni mia na ashindwe mchango wa lifti.

Kuna na aina nyingine, mwekezaji anajenga, anatumia jengo lote kwa miaka kadhaa, halafu anarudisha. Mimi siipendi kwa familia yenye wazee. Bibi wa miaka sabini hawezi kulishwa na jengo la baada ya miaka ishirini.

Usalama wa jengo, lako na la jirani

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo lililojaa maduka liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Tulikuwa tunafuatilia redioni usiku kucha, watu wakizungumza kutoka chini ya kifusi. Tangu siku hiyo mama mdogo hataki kusikia neno ghorofa, na sitathubutu kumwambia anakosea.

Anayeuza anaiepuka hatari hii. Anayeingia ubia atalala ndani yake, kwa hiyo ana haki ya kujua mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, mhandisi ni nani, vipimo vya udongo vimefanywa lini, na kibali ni cha ghorofa ngapi. Kibali cha nane kikigeuka kumi njiani, simamisha.

Anayebaki na nyumba ya chini watu wanamdhani salama, naye ndiye anayesahaulika. Jirani akichimba msingi wa ghorofa mita moja kutoka ukuta wa matofali ya zamani, nyufa zinakuja kwako. Sisi tulipiga picha kila ukuta, ndani na nje, tukaweka gazeti la siku hiyo pembeni, kabla jirani wa kushoto hajaanza kuchimba. Ufa ulipotokea chumba cha pili, ule wa kuingia kidole, hatukuwa na haja ya kubishana. Alitengeneza. Kivuli hakuna wa kukutengenezea: uani kwetu jua sasa linaondoka saa nane mchana, na nguo zinalala mbichi.

Wapangaji na jirani

Katika njia mbili za kwanza wapangaji wanaondoka. Wengine wamekaa kwetu miaka kumi na moja. Waambiwe mapema, kodi waliyolipa mbele irudishwe. Hilo halihitaji hesabu.

Jirani ana uzito kwenye bei pia. Kiwanja kimoja cha zamani mara nyingi hakimtoshi mwekezaji, anataka viwili vilivyoshikana. Ukiongea na jirani na mkaenda pamoja, mnazungumza kwa nguvu nyingine. Mkinyamaziana, mwekezaji anawaendea mmoja mmoja, na wa mwisho atabaki kaminywa katikati ya kuta mbili ndefu, kiwanja chake hakina mnunuzi mwingine ila walewale. Tulichelewa kulijua hilo kwa jirani wa kushoto. Kwa wa kulia tumeshakaa naye mara mbili.

Nani achague nini

Familia ambayo warithi wake hawasemezani, au iliyotawanyika Muscat, Mwanza na London, na hakuna anayeishi ndani ya nyumba: uzeni, kwa mnada wa wazi kati ya wanunuzi wawili watatu, pesa ipite benki, kila mrithi asaini mbele ya wakili na apokee kwenye akaunti yake. Familia ya pili niliyoitaja ilifanya hivyo. Wana nyumba Chanika na Kigamboni, hawana deni na mtu, na baba yao bado anapanda daladala mbili kila Ijumaa kuja kuswali msikiti wa mtaani kwetu. Anasema amepata alichotaka, kisha anakaa barazani kwetu hadi alasiri.

Mwenye hati safi, warithi wachache wanaoelewana, na uwezo wa kukaa miaka mitatu bila kutegemea kodi ya nyumba hiyo: ubia ndio utakaompa zaidi, kwa masharti niliyoyataja, na asiogope kumkataa mwekezaji wa kwanza na wa pili.

Asiye na hati wala mirathi iliyokamilika abaki. Siyo kwamba kubaki ni bora milele. Ni kwamba kwa sasa kila anayemfuata anajua udhaifu wake na atampa bei ya udhaifu. Atumie kodi ya vyumba kulipia hati.

Sisi tumebaki, kwa muda. Fremu mbili zimefunguliwa, moja cherehani, moja dawa baridi, na kibali chake kimebandikwa ukutani. Kodi ya fremu ya miezi sita ya kwanza ndiyo iliyomalizia gharama za hati. Rasimu ya ubia iko kwa mwanasheria kwa mara ya nne, na ndani yake kuna kifungu kinachosema nyumba ya ghorofa ya kwanza, upande unaotazama msikiti, ni ya mama mkubwa, na mchango wa lifti na maji yake utatoka kwenye kodi ya fremu za familia maisha yake yote. Mwekezaji amekikubali. Mama mkubwa ameomba kiongezwe kimoja kuhusu mwarobaini, na kwenye hicho bado wanavutana.